Farasi Mia Tatu Kumi na Tano

Wazee wa Kizungu wanaoleta magari kwenye karakana yetu ya Auburn, hapa Sydney, hawaanzi kwa salamu. Wanaanza kwa farasi. Mtu anashuka, hata mlango hajaufunga, keshakwambia kwamba injini yake ni lita saba na ina farasi mia nne na zaidi, kana kwamba kuna aliyemuuliza. Magari yenyewe ni ya Kimarekani, ya miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini, marefu kiasi kwamba pua ikishafika kwenye jeki mkia bado uko nje getini. Mengine usukani uko kushoto mpaka leo. Kazi yetu ni kuyafufua. Wenyewe wanayatunza kuliko wanavyotunza meno yao, na sisemi hivyo kwa utani, maana meno ya baadhi yao nimeyaona.

Nina miaka tisa hapo. Mitano ya kwanza niliosha vyuma. Nyumbani Tanzania nilikuwa fundi mkuu wa gereji ya mabasi, chini yangu watu kumi na mmoja, na vyeti vyangu nilisafiri navyo kwenye begi la mkononi nisije nikavipoteza pamoja na mzigo. Ofisi iliyovikagua hapa ilinijibu kwa barua ya ukurasa mmoja kwamba nalingana na mwanafunzi wa ufundi wa mwaka wa pili. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na ndiye aliyetuleta Sydney, aliisoma ile barua mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye droo ya vijiko. Hatukuizungumzia tena. Nikajikaza kisabuni, nikawa napanda treni kila asubuhi kutoka Toongabbie kwenda kusugua grisi, nikitumwa huku na kule na vijana ambao hawakujua hata kuisikiliza injini kwa sikio.

Nayasema haya mapema ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani siku ile nilipomjibu baba. Siyasemi ili nionewe huruma.

Baba alikuwa fundi kwenye shamba la mkonge, Korogwe. Mwenye shamba alikuwa na gari la Kimarekani la rangi ya maziwa, la pekee wilaya nzima. Baba alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipoitwa kuifungua injini yake, kwa sababu fundi aliyezoea kuja kutoka Tanga mjini alikuwa mgonjwa. Aliitoa kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti ya banda la mashine, akisaidiwa na wakata mkonge wanne, akabadilisha ringi za pistoni, akairudisha mahali pake, ikawaka. Mwenye gari alifurahi mno. Akamkalisha kiti cha mbele, akafungua kitabu cha gari, akamsomea huku akimtafsiria: silinda nane, ukubwa wa inchi za ujazo mia tatu tisini, nguvu ya farasi mia tatu kumi na tano. Inchi hizo ni kama lita sita na nusu kasoro kidogo. Baba hakujua Kiingereza, lakini hesabu aliijua, na hesabu ile akaishika.

Aliishika maisha yake yote. Shamba lilitaifishwa, mwenyewe akaondoka, gari likabaki mikononi mwa mameneja mpaka likakosa vipuri, mwishowe likakatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Baba aliomba kitu kimoja tu: kifuniko cha chujio la hewa, kile cha bati, cha duara, kinachokaa juu ya kabureta. Kilikuwa cha buluu, na katikati kimebandikwa karatasi yenye maandishi. Alikitundika ukutani sebuleni, mahali ambapo wenzake walitundika kalenda, na sisi watoto tulikua chini yake. Mgeni akija ilikuwa lazima aulize, na akishauliza baba alimsimulia taratibu, bila kutia chumvi, bila kuongeza hata farasi mmoja. Mtaa mzima ulimwita Mia Tatu. "Shikamoo Mzee Mia Tatu," watoto walimwamkia njiani, na yeye aliitikia kama vile hilo ndilo jina alilopewa na mama yake. Mimi nilienda kusomea ufundi kwa sababu ya kile kifuniko.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, mzee mmoja mstaafu alileta karakana gari ambalo nililitambua tangu likiwa getini. Rangi ilikuwa nyingine, lakini umbo lilikuwa lile lile nililosimuliwa tangu nikiwa mdogo. Nilifungua boneti kabla hajaniruhusu. Inchi mia tatu tisini. Nikamwambia bosi kwamba baba yangu aliifungua injini kama hii kabla sijazaliwa. Bosi ni mtu ambaye wazazi wake walitoka Lebanoni, na anajua uzito wa neno baba. Akasema basi hii ni yako, ifanye wewe. Hiyo ndiyo injini ya kwanza niliyokabidhiwa katika nchi hii kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Nilikaa nayo wiki sita. Siku ya kuipima ilikuwa Jumamosi, na yule mzee alikuja na wajukuu watatu. Mashine yetu ya kupimia iko sakafuni: magurudumu ya nyuma yanakaa juu ya rola, gari linakanyagwa mafuta mpaka mwisho, na kompyuta inaandika nguvu inayofika kwenye matairi. Bosi aliniambia nikae mimi kwenye usukani. Mzee akawaambia wajukuu wazibe masikio, kisha akawatangazia kwa sauti: "Three hundred and fifteen horses, you watch!" Nilipoisikia hesabu ile ikitoka kwenye mdomo wa Mzungu wa Sydney, nusura nilie. Nikakanyaga.

Kompyuta iliandika mia moja sitini na tatu.

Nilidhani nimeua injini. Bosi akainama dirishani akaniambia polepole kwamba injini ni safi, ndivyo zilivyo. Akanieleza jambo ambalo katika miaka yangu yote ya ufundi sikuwahi kuelezwa. Zamani Wamarekani walipima injini ikiwa juu ya meza, haina feni, haina alternata, haina chujio la hewa, na moshi unatoka kwenye mabomba ya wazi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini wakabadilisha utaratibu, wakaanza kuipima ikiwa imebebeshwa kila kitu inachobeba ndani ya gari, na hesabu zikaporomoka vitabuni bila nati moja kubadilika. Sisi tunapima mbali zaidi, kule chini, baada ya giaboksi na difu kuchukua vyao. "Different question, mate, different answer," akasema.

Kisha akachapa karatasi ya vipimo, akaikunja mara nne, akanitilia mfukoni mwa ovaroli. Akamwendea mzee, akampiga begani, akamwambia kwamba gari lake lina nguvu kweli kweli. Mzee akawageukia wajukuu: mnaona? Wajukuu wakapiga makofi. Baadaye nilimuuliza bosi kwa nini hakumwonyesha karatasi. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu huvaa nguo. "Alikuja na wajukuu," akasema, akaenda kunawa mikono.

Na mimi nilinyamaza. Niliona ni jambo la heshima, na nilijiona mtu mwenye adabu. Nilimfungulia mzee mlango, nikamfutia kiti kwa kitambaa safi. Mtu nisiyemjua hata ukoo wake, nilimlindia hesabu yake.

Kesho yake, Jumapili, baba alipiga simu. Ilikuwa saa moja jioni kwangu na saa sita mchana kwao. Nyumbani kwetu simu ya mtoto aliye mbali haishikwi sikioni. Inawekwa katikati ya mkeka, imesimamishwa ndani ya bilauri ili sauti ikue, spika iko juu, na kila aliyepo apate salamu yake. Ukiishika sikioni utaonekana mchoyo, au una siri. Siku hiyo palikuwa na wageni. Watu wa Muheza walikuwa wameleta posa ya mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, na nyumba ilikuwa imejaa.

Nilisalimiana nao mmoja mmoja. Mmoja wao, mjomba wa bwana harusi, alikuwa dereva wa malori. Alikuwa amekiona kile kifuniko ukutani, akauliza, baba akamsimulia, na yeye akatia shaka. Lori lake la kuvuta tani thelathini lina farasi mia tatu na kidogo, gari la kubebea bosi mmoja litakuwaje nao wengi hivyo? Baba hakubishana na mgeni. Alisema tusiumizane vichwa, mwanangu huko aliko anayashika magari hayo hayo kila siku, tumuulize yeye. Ndiyo maana alipiga simu saa ile.

"Mwanangu," akasema, na nilisikia kwamba anatabasamu, "waambie wageni wetu. Ile injini yangu ilikuwa na farasi wangapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu baba kuniita shahidi. Alichotaka ni maneno manne au matano ambayo niliyajua kabla sijajua kusoma. Karatasi ya vipimo ilikuwa mezani mbele yangu, kwa sababu ovaroli ilikuwa imeenda kufuliwa.

"Baba," nikasema, "ile hesabu si ya kweli. Jana nimepima mwenyewe kwa kompyuta, injini ile ile. Ni farasi mia moja sitini na tatu. Zamani walikuwa wanadanganya."

Bosi hakusema kwamba walidanganya. Hilo nililiongeza mwenyewe.

 Nilisikia kijiko kikigonga sahani. Halafu yule dereva akasema, "Kumbe nusu ya farasi walikuwa punda!" na nyumba nzima ikaangua kicheko. Walicheka wageni, wakacheka na wa kwetu. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba alicheka kwa sababu wageni wamecheka, na huwezi kuwaacha wakwe wacheke peke yao. Mimi pia nilicheka, jikoni kwangu Toongabbie, huku nimeshika ile karatasi.

Kicheko kilipotulia nilimsikia baba. "Haya," akasema. "Ninyi ndio mnaopima." Kisha akasema chakula kinapoa, tutaongea siku nyingine.

Binti yangu wa miaka kumi na miwili alikuwa mezani akifanya kazi za shule. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo hakuna aliyemuuliza kitu. Aliinua macho akasema, "Dad, that was mean." Nikamfokea asiingilie mambo ya watu wazima. Nikamwambia hakuna ukatili wowote hapo, ni vipimo tu.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilisahau simu iko kwenye spika. Sikusahau. Nilikuwa nimetoka kusalimia watu kumi na tano, na sahani nilikuwa nazisikia. Nilitaka wasikie. Kwa miaka saba nilikuwa nimepunguzwa na kila mwenye kalamu, na siku nilipokabidhiwa kipimo mimi mwenyewe, kichwa kilivimba, na mtu wa kwanza niliyemvua nguo mbele za watu alikuwa baba yangu. Naona aibu kuliandika hili, na nimeliandika hivyo hivyo lilivyo.

Posa ilikubaliwa, harusi ikapita, nikatuma salamu na picha. Habari nyingine zilikuja kidogo kidogo kutoka kwa dada, bila yeye kukusudia kuniumiza. Kichekesho cha punda kilikuwa kimetoka nje ya nyumba. Watoto wa mtaani walikuwa wameanza kumwamkia baba "Shikamoo Mzee Mia Sitini," na wazazi wao hawakuwakanya, walificha tabasamu kwa kiganja. Kifuniko kilikuwa kimetolewa ukutani. Nani alikitoa? Mwenyewe. Alipanda kwenye kiti, akiwa na miaka karibu themanini, akakitoa. Msumari tu ndio uliobaki.

Nilipompigia simu, mazungumzo yetu yalikuwa mafupi. Hamjambo huko, hatujambo, mjukuu anasoma, anasoma, haya Mungu awalinde. Zamani angeniuliza leo mmefungua injini gani, ya ujazo gani, kabureta yake ikoje. Hakuuliza tena. Na sauti yake ilibadilika, ikawa kavu na ya karibu, bila ule mwangwi wa sebule. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba alikuwa ananishika sikioni. Nilipomuuliza alisema spika imekufa. Dada akaniambia spika ni nzima, simu zote nyingine baba anaziweka kwenye bilauri kama kawaida, ila yangu.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya Idi, dada alinitumia picha ya vifaranga. Kuku wake alikuwa ametotoa, na alitaka binti yangu awaone. Vifaranga sita walikuwa wamezunguka chombo cha maji uani, na chombo chenyewe kilikuwa cha bati, cha duara, cha buluu. Niliikuza ile picha kwa vidole. Karatasi ya katikati ilikuwa imeanza kubanduka kwa maji, lakini mia tatu tisini ilisomeka, na pembeni yake palikuwa na namba 4 na herufi V. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mabaki ya V8, alama ya silinda nane. Sasa nilijua maana yake, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Ni kabureta ya matundu manne.

Gari la yule mzee wa karakana lilikuwa na kabureta ya matundu mawili. Niliisafisha mimi, kwa brashi ya meno, tundu moja baada ya jingine.

Kesho yake niliwahi kazini kabla ya wengine, nikashusha kitabu cha mitambo kutoka kwenye rafu ya bosi. Ukurasa ulikuwa mmoja na jedwali lilikuwa moja. Ukubwa ni ule ule wa inchi mia tatu tisini kwa injini zote mbili. Ile ya matundu mawili haikufika mia tatu hata kwa kipimo cha zamani cha mezani. Ile ya matundu manne iliandikwa mia tatu kumi na tano. Kwa hiyo niliyoipima haikuwa injini ya baba, nilipoipimia hapakuwa mahali walipoipimia wao, na mwenye gari wa Auburn ndiye aliyekuwa amejipa farasi wa watu. Baba hakukosea hata farasi mmoja. Nilifunga mlango wa choo cha karakana nikalia mpaka nikasikia bosi anafungua geti.

Nikapanga kulirekebisha, na nilitaka lirekebishwe kwa njia ile ile lilivyoharibika. Nilimwomba dada siku ya Idi awakusanye watu wale wale, na yule dereva asikosekane, maana sasa ni mkwe. Dada alisema atakuja tu, haachi pilau. Nilipiga picha ukurasa wa kitabu. Niliandika hata maneno ya kusema, nikayasoma kwa sauti mbele ya mke wangu, naye akasema yanatosha.

Siku ya Idi nilipiga saa ile ile. Baba alipokea mwenyewe. Nilimpa mkono wa Idi, akaupokea, akauliza hali ya mjukuu. Sauti yake ilikuwa kavu na ya karibu, na nyuma yake nilisikia watu wengi, vicheko, na sahani.

"Baba," nikasema, "naomba uniweke kwenye spika."

"Imekufa."

"Baba, tafadhali. Nina neno la kuwaambia watu."

"Niambie mimi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, matundu mawili na manne, meza na rola, kitabu na ukurasa. Nikamwambia ilikuwa mia tatu kumi na tano, tangu mwanzo ilikuwa mia tatu kumi na tano, aliyekosea ni mimi. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Najua," akasema.

"Basi waambie, baba. Wapo hapo wote. Waambie nimesema hivyo."

"Niwaambie mimi?" Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Mimi niliwaambia miaka hamsini, mwanangu. Waliyemwamini ni wewe."

 Nilisikia mtu akimsogelea, nadhani ni yule dereva, kwa sauti, akimuuliza ni nani huyo kwenye simu na anasemaje.

"Ni mtoto wa Australia," baba akamjibu. "Anawasalimu."